Kichaka cha Mama Wayua

Ndanu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu utotoni kule Kwa Maluki, mashariki ya Thika, alikuwa mwepesi wa kuchemka na mzito wa kupoa, na mamake, Mama Wayua, alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa kiangazi, joto likakataa kumtoka. Shuleni alifukuzwa akalete mzazi kwa sababu alimwambia mwalimu wa jiografia kwamba ramani aliyochora ubaoni imesahau mto. Mto ulikuwa umesahauliwa kweli. Mama Wayua akaenda, akaomba msamaha kwa niaba ya bintiye, na walipokuwa wakirudi akamuuliza kama huo mto ulikuwa wa babake.

Basi usishangae kwamba alipokua alisomea ramani, tena zile za kutoka angani. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili hapo Membley, Ruiru, juu ya duka la dawa, na kazi yake ilikuwa kusoma picha za setilaiti. Ni kazi rahisi kueleza, ingawa kuifanya ni kuumwa macho. Setilaiti ikipita huko juu inachukua picha za namna mbili. Moja ni ya mwanga: jani lenye afya hurudisha juu mwanga fulani ambao jicho la binadamu halioni, ila chombo kinauona, kwa hivyo ukijani wa shamba unaweza kupimwa hata na mtu aliyeketi mbali. Nyingine ni ya joto. Jani lililoshiba maji hutoa jasho likapoa. Udongo mtupu, mabati na lami huchomeka. Kwenye kompyuta ya Ndanu baridi ilikuwa buluu na joto lilikuwa jekundu.

Kwa miaka alikuwa ameyatazama mashamba ya kahawa ya Ruiru yakihama kutoka buluu kwenda nyekundu, ploti baada ya ploti, kahawa inang'olewa, nyumba zinapanda. Kila wekundu mpya ulimkata maini. Hata ile nyumba aliyopanga yeye mwenyewe kule Gatongora ilikuwa kahawa juzi juzi tu, alishaiona kwenye picha za zamani, na jambo hilo badala ya kumnyamazisha lilimzidishia hasira. Wenzake ofisini walishajua: Ndanu akisukuma kiti nyuma na kusema "ati nini?", heri uende ukanunue chai.

Siku ya ramani ya Kwa Maluki alikisukuma kiti mpaka kikagonga ukuta.

Iko hivi. Kampuni moja yenye shamba kubwa jirani na Kwa Maluki ilikuwa imedai kwamba ardhi ile ni yake na kwamba watu wale ni wavamizi wa majuzi. Wenyeji nao wakasema wamelima hapo tangu enzi za nyanya zao. Kamati ikaundwa Thika kusikiliza pande zote, na kwa kuwa kila upande ulikuja na wazee wake wa kuapa, kamati ikaamua kuuliza setilaiti, ambayo haina shangazi wala mjomba. Picha za miaka iliyopita zikionyesha palikuwa panalimwa, watu wakae. Zikionyesha palikuwa msitu na vichaka, watu wabebe virago. Kazi hiyo ikapewa ofisi ya kina Ndanu. Bosi wao, Mwendwa, aliyejua fika Ndanu ametoka wapi, akamwacha na kahawa yake ya Ruiru na hiyo nyingine akaikabidhi kwa wengine, kimya kimya. Ndanu alikuja kuiona ramani ikitoka kwenye mashine ya kuchapa, ripoti ikiwa imeshapelekwa.

Mteremko wote aliokulia, kutoka barabara ya udongo wa marram hadi chini mtoni, ulikuwa umepakwa kijani kimoja kizito, na juu yake neno moja: KICHAKA.

Aliyekusanya habari za huko alikuwa Byron, kijana mpole aliyezaliwa Kakamega, mwenye bidii na adabu zake. Ndanu alimvamia mezani kwake. Byron akaeleza bila kujificha. Mwaka uliopita, mwezi wa Julai, alitumwa huko na pikipiki akaandike kila mahali pana nini, ndipo kompyuta ifundishwe kutambua peke yake. Akasimama pale barabarani. Kila mahali mahindi yalikuwa yameshavunwa, nchi imekauka, lakini mteremko ule ulikuwa umejaa kitu cha kijani kirefu kumpita mtu, kimesongamana, hakina ua wala njia. Kwao Kakamega mahindi yakivunwa shamba hubaki wazi. Akaandika kichaka. Kompyuta nayo ikamwamini, ikarudi kwenye picha za miaka yote, na kila ilipokuta Julai yenye ukijani ule na ubaridi ule katikati ya ukavu, ikaandika kichaka, kichaka, kichaka.

"Ile ni mbaazi, Byron," Ndanu alisema.

Byron alikodoa macho. Mbaazi alizijua, nani hazijui, kila wiki walizila wote na chapati hapo kwa kibanda cha chini. Mti wake ndio hakuwahi kuuona.

Na kweli, mtu asiyezaliwa upande ule angejulia wapi? Ukambani mbaazi hupandwa mvua za Oktoba pamoja na mahindi, mstari kwa mstari. Mahindi yanavunwa, mbaazi zinabaki. Mahindi mengine yanapandwa katikati yake na kuvunwa pia, mbaazi bado zimesimama tu, mizizi iko chini sana inakunywa maji ambayo mmea mwingine haufikii. Nchi yote ikiwa kahawia, zenyewe ndio kwanza zinabeba. Zinavunwa zikikauka karibu na Septemba, kisha miti inakatwa kuni, na shamba linabaki tupu likingoja mvua. Shamba la mbaazi mwezi wa Julai, kwa mgeni aliyesimama barabarani, ni kichaka hasa.

Ndanu hakumlaumu Byron sana. Alitafuta picha za joto za mwezi wa Oktoba, mwaka baada ya mwaka, na zote zilisema kitu kimoja: mteremko ule uliokuwa buluu Julai ulikuwa mwekundu kama kaa la moto Oktoba. Kichaka gani hicho kinachojifyeka kila mwaka, kikaota tena mvua zikija? Akazipanga picha, akaingia kwa Mwendwa.

Mwendwa alikuwa Mkamba kama yeye, ila wa kulelewa papo hapo Membley na wazazi wenye kazi za mshahara. Alizitazama picha zote, hakubishana na hata moja. Hilo ndilo lililomchoma Ndanu kuliko yote, kwamba mtu yule alielewa. Alielewa kila kitu na akaziweka kando taratibu. Ripoti imeshaenda, akasema. Kuirudisha ni kuiambia dunia nzima kwamba ofisi haijui kazi. Halafu akamkazia macho.

"Na lile shamba la juu pale karibu na barabara ni la nani, Ndanu?"

"La mama."

"Basi huwezi kusema lolote mbele ya kamati. Ukisema wewe, watasema umetetea ya kwenu. Nyamaza, usije ukawaharibia zaidi."

Yaani wa kujua ni yeye, na kwa sababu anajua, afunge mdomo. Wewe ungefanya nini? Ndanu alitoka akiufunga mlango kwa nguvu hata mwenye duka la dawa chini akapanda kuuliza kulikoni. Akasimama kwenye ngazi, akampigia mamake simu. Na hapo ndipo alipokosea, maana mtu akiwa amechemka huongea nusu nusu. Alimwambia Mama Wayua kwamba wakubwa wamepiga picha ya shamba kutoka angani na wakaandika ni kichaka, na kwamba kamati itakaa hivi karibuni, na watu wote wanaweza kufukuzwa kwa hilo neno moja. Hakueleza la Julai wala la Oktoba. Alitukana kidogo, salio likaisha.

Mama Wayua alibaki ameishika simu. Sasa, mwanamke huyu unapaswa kumjua. Alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa jembe, na shamba lake halikuwahi kuonekana na gugu. Wageni wakija kumtembelea alifagia uwanja, akafagia na njia, akafagia mpaka nje barabarani pasipokuwa pake. Na leo anaambiwa watu wamechungulia shamba lake kutoka mbinguni wakaona kichaka. Aliona aibu. Kwa mawazo yake jambo lilikuwa wazi: wakubwa wameona pachafu. Dawa ya pachafu inajulikana.

Akaita mwethya. Hivyo ndivyo Wakamba huita ule mkusanyiko wa majirani wanaofanya kazi ya mmoja pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Akina mama wakaja na mapanga, wakaambiwa neno la angani, na kila mmoja akaona aibu ya Mama Wayua ni yake pia. Wakaanza kwake wakashuka shamba kwa shamba hadi mtoni, wakiimba nyimbo za kanisani. Ilikuwa Julai, mbaazi ndio kwanza zinajaza maganda. Wakazikata zote.

Ndanu alifika Jumamosi. Alishuka barabarani akatazama kushoto, akatazama kulia, akadhani amekosea kituo. Mteremko ulikuwa umenyolewa. Miti ya mbaazi ilikuwa imelazwa marundo marundo kando, majani yameshanyauka, na maganda machanga yamesinyaa juu yake. Mamake alimngoja mlangoni kwa leso safi na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Sasa waje," Mama Wayua alisema. "Wataona shamba."

Ndanu alilia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na hizo ni mbili tofauti. Alimwuliza mamake nani amemwambia akate, kisha akakumbuka nani. Alimweleza yote upya, pole pole safari hii, kwamba zile mbaazi ndizo zilizokuwa ushahidi, kwamba kilichotakiwa ni wakubwa waje wazione zimesimama, wachume ganda, wafungue, wale. Mama Wayua alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kwenye kigoda chake, akavua leso ya kichwani, akaikunja, akaikunjua.

"Mwaitu," Ndanu alimwita, kama Wakamba wanavyowaita mama zao, "umebakisha hata mti mmoja?"

Hakuwa amebakisha. Wala jirani hakubakisha. Aibu ilikuwa imefagia kila mahali sawasawa.

Kamati ilipoketi Thika, wakili wa kampuni alikuja na picha mpya ya setilaiti, na alikuwa anatabasamu kabla hajafika kwenye meza. Tazameni, alisema, mwezi uliopita kijani, mwezi huu wekundu mtupu. Watu hawa wamesikia ripoti ikisema kichaka, wamekimbia kukifyeka ili waonekane wakulima. Kama palikuwa shamba, mtu hukata mazao yake mabichi kwa nini? Wazee wa Kwa Maluki waliinama. Ni kweli, mtu hukata mazao yake mabichi kwa nini? Ndanu alikuwa ameketi nyuma kabisa, ameuma ulimi, na Mwendwa mbele yake akigeuka kila mara kumtupia jicho la kumkumbusha anyamaze.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa Akoth, mtu wa maneno machache. Hakumjibu wakili. Alisema tu kwamba amechoka na rangi, kesho yake wote wataenda kusimama juu ya hiyo ardhi, na yule aliyeandika neno kichaka aje pia asimame palepale aliposimama.

Jioni hiyo Ndanu alimtafuta Byron. Hakumwomba chochote. Alimpa tu zile picha za Oktoba, mwaka baada ya mwaka, akamwambia azifanyie atakalo. Byron alikuwa mtu wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, na Mwendwa alikuwa ameshamwita pembeni kumwagiza aseme alichoandika na asiongeze. Byron alizikunja picha, akazitia mfukoni. Ndanu alirudi Gatongora akaenda moja kwa moja kitandani na viatu vyake.

Asubuhi magari yakajipanga kwenye marram. Wenyeji waliwekwa upande mmoja, kampuni upande mwingine, na Ndanu akaambiwa akae na wenyeji kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusema. Hebu fikiria: huyu mtu aliyemkosoa mwalimu kwa ajili ya mto, leo amesimama juu ya shamba la mamake, jibu liko mdomoni, na hawezi kulitema. Alikunja mikono kifuani na kucha zikamzama kwenye ngozi. Kando yake Mama Wayua hakuinua uso.

Mwenyekiti Akoth akamwuliza Byron alisimama wapi. Byron akaonyesha. Akaulizwa aliandika nini. Akasema kichaka. Mwendwa akashusha pumzi. Wakili akafunga faili.

"Na ulishuka ndani ukaangalia?" Akoth akauliza.

Byron alisita. Akamtazama Mwendwa, akatazama chini. Kisha, badala ya kujibu, akavuka mtaro akaingia shambani, labda kwa sababu ya aibu ya kutokushuka mara ile. Hatua chache akajikwaa, karibu aanguke. Kilikuwa kisiki cha mbaazi, kifupi, panga limekikata mshazari. Akakiruka. Akajikwaa kwenye kingine. Ndipo akasimama, akainua kichwa, na wote waliokuwa barabarani wakamwona akigeuka huku na huku kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mbaazi zilipokuwa zimesimama, matawi yalikuwa yamefunika kila kitu. Sasa vilibaki visiki peke yake, na vilikuwa vimejipanga. Mstari mmoja, nafasi ya mahindi na mabua yake yaliyokauka, mstari mwingine, nafasi, mstari, vikizunguka mteremko kwa upana wake kufuata matuta ya kuzuia mmomonyoko, shamba la Mama Wayua na la jirani na la jirani yake hadi mtoni.

"Sikushuka, madam," Byron alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Niliandika nikiwa barabarani. Hiki si kichaka. Kichaka hakipandwi kwa laini."

Akatoa zile picha mfukoni, zimekunjamana, akamweleza mwenyekiti za Julai na za Oktoba, buluu na nyekundu, miaka na miaka, kabla ya ripoti yoyote kuandikwa, kabla mtu yeyote hajajua anatazamwa. Wakili alijaribu kuingilia. Akoth alikuwa ameshavua viatu vyake vya mjini na anatembea kwenye mstari, kisiki kwa kisiki, mpaka alipofika kwenye tuta la kwanza. Huko akachutama, akaokota ganda lililosinyaa, akalifungua kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na punje ndogo za kijani ambazo hazingekomaa tena. Alirudi akamwambia karani aandike shamba.

Watu wa Kwa Maluki walibaki kwao. Akina mama waliimba, wazee wakapeana mikono, na kampuni ikaondoka na magari yake. Byron hakuongezewa mkataba, lakini alipata kazi kwingine Thika, na Ndanu alimwandikia barua ya sifa yenye maneno makali kuliko barua za sifa zinavyopaswa kuwa. Ofisi nayo ilisahihisha ramani. Mwendwa alimletea mwenyewe mezani, akiwa na uso wa mtu aliyekuja kupatana. Kompyuta ilikuwa imelishwa picha ya karibuni zaidi, na pale palipoandikwa KICHAKA sasa paliandikwa ARDHI TUPU.

Ndanu aliisoma ramani ile. Mara hii hakusukuma kiti. Alisimama, akachukua mkoba wake na kikombe chake cha chai, akashuka ngazi, na hakupanda tena.

Unadhani hadithi imeishia kwenye ushindi. Mbegu je?

Mbegu ya mbaazi ya Kwa Maluki haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya nyanya yake Ndanu, na kila mwaka Mama Wayua alichagua maganda yaliyokauka vizuri juu ya mti, akayafikicha, akahifadhi ya msimu ule mmoja tu kwa sababu ikikaa zaidi inabunguliwa na wadudu. Majirani wote walifanya vivyo hivyo, mbegu ni moja, ya kupeana. Mwaka ule hakukuwa na ganda lililokauka juu ya mti wowote.

Oktoba wingu liliposimama, Ndanu alikwenda nyumbani na pakiti za mbaazi kutoka duka la Gatongora. Zilikuwa nyeupe, nono, zimelingana zote. Mama Wayua alizimwaga kwenye ungo, akazipepeta ingawa hazikuwa na taka, akaokota moja, akaiuma, akaitema mkononi, akaitazama. Shamba lake lilikuwa mbele yake, safi, lake, tupu.

"Na hizi, mwanangu," aliuliza, "zimetoka kwa kichaka cha nani?"

Ndanu alichukua jembe, akaingia shambani, akaanza kuchimba mashimo kando ya visiki vya zamani, akifuata mistari ileile, akipiga udongo kwa hasira.